Jopo linadai idadi ya wahojiwa na nadharia ya kuongoza: je, pendekezo la graundedi thiori huandikwaje?

Nyar Nam (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika sayansi ya jamii, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu wanawake wanaonunua omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, kwa wavuvi katika ufuo wa Dunga na fuo za jirani. Ninachotaka kukielewa ni jinsi wanavyodumisha uhusiano wao na wenye mashua katika miezi ambayo uvuvi wa omena umefungwa, kwa sababu mashua zinaporudi ziwani si kila mwanamke anayepata mzigo kama zamani, na wale wanaoupata si lazima wawe wenye fedha nyingi zaidi. Sijakutana na nadharia inayolieleza jambo hilo barabara. Ndiyo maana nimechagua graundedi thiori, yaani mbinu ya utafiti wa kimaelezo ambayo kwayo nadharia hujengwa kutokana na data, badala ya data kukusanywa ili kuipima nadharia iliyokwisha kuwapo.

Jopo la idara limenirudishia pendekezo na madai matatu. Kwanza, nitaje idadi kamili ya wahojiwa. Pili, niandike sura ya kiunzi cha nadharia, na mjumbe mmoja amependekeza nadharia ya mtaji wa kijamii, yaani faida anayoipata mtu kutokana na mahusiano yake na wengine. Tatu, niambatishe mwongozo wa maswali ambao hautabadilika. Mjumbe mwingine, kwa nia njema kabisa, alinishauri nikusanye mahojiano thelathini yote, kisha niitumie graundedi thiori wakati wa kuyachanganua. Je, inawezekana kufanya hivyo na bado utafiti ukastahili jina hilo? Kama haiwezekani, nitaandikaje pendekezo ambalo jopo litalipitisha na ambalo halitanifunga mikono nitakapofika ufuoni?

Mwalimu wa Njoro (Nakuru)

Nyar Nam, swali lako la kwanza ndilo linaloamua mengine yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kidogo. Ukikusanya mahojiano thelathini, ukayafungia kabatini, kisha ukaanza kuyasimba, yaani kuvipa vipande vya maneno ya wahojiwa majina mafupi (misimbo), utakuwa umefanya utafiti wa kimaelezo ambao huenda ukawa mzuri sana, lakini hautakuwa graundedi thiori. Barney Glaser na Anselm Strauss walipoitangaza mbinu hii katika kitabu chao cha mwaka 1967, walisisitiza kwamba kukusanya data, kuisimba na kuichanganua ni kazi zinazokwenda pamoja, na kwamba uchanganuzi wa data ya leo ndio unaoamua data ya kesho itafutwe wapi na kwa nani. Huo ndio usampulishaji wa kinadharia. Ukiuondoa, kinachobaki ni msamiati wa mbinu bila mbinu yenyewe, na kwa bahati mbaya tasnifu za namna hiyo ninazisoma kila mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka katika mada yako. Tuseme umewahoji wanawake wanne. Wawili wanakueleza kwamba uvuvi unapofungwa huwapelekea wavuvi unga na sukari. Wa tatu anasema alichanga katika matanga ya baba wa mvuvi mmoja. Wa nne anasema hakutoa chochote, ila alikuwa akipita ufuoni mara kwa mara kuwajulia hali. Mtafiti mwenye haraka ataandika msimbo "kutoa zawadi" na kumwacha yule wa nne nje. Mtafiti anayelinganisha tukio na tukio atajiuliza ni nini kinachofanana katika yote manne, naye huenda akaandika "kutosahaulika".

Angalia sasa kila msimbo unakupeleka wapi. Ule wa kwanza utakutuma kutafuta wanawake wengine waliotoa zawadi, nao watakuambia kwamba walitoa zawadi; utakuwa na mahojiano mengi na wazo lilelile moja. Ule wa pili unazua maswali ambayo hukuwa nayo ulipoondoka nyumbani. Je, yuko aliyetoa vyote hivyo na bado akasahaulika? Aliyekuwa akiuguza mtoto miezi yote ile asionekane ufuoni, nafasi yake ilichukuliwa na nani? Mwenye mashua mwenyewe anasemaje kuhusu anaowakumbuka? Na mwanamke anayemiliki mashua, je, naye anahitaji kukumbukwa na mtu, au yeye ndiye anayekumbuka? Kila swali kati ya hayo linakuelekeza kwa mhojiwa fulani ambaye usingeweza kumtaja katika pendekezo, kwa sababu hukujua kwamba utamhitaji. Kama baada ya kuwasikia hao wazo la "kutosahaulika" halisimami, unalivunja na kulijenga upya, na hilo ni jambo la kawaida katika mbinu hii.

Katikati ya hayo yote kuna memo. Kila wazo linapokujia kuhusu msimbo fulani, liandike mara moja, ulitie tarehe, useme linatokana na maneno ya nani na linakinzana na nini. Programu kama NVivo na ATLAS.ti zitakuhifadhia memo na misimbo kwa utaratibu, lakini hazitakufikiria. Wanafunzi wengi huzichelewesha memo hadi mwisho, kisha wakajikuta wana mamia ya misimbo na hawana hata sentensi moja inayoihusisha.

Kuhusu idadi, jihadhari na nambari 12 inayotajwa kila mahali kana kwamba ni sheria. Inatokana na makala ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006, waliochambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria na kuona kwamba mada nyingi zilikuwa zimekwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya 12. Wahojiwa wao walikuwa wanafanana kwa kiasi kikubwa, waliulizwa maswali yaleyale, na lengo lilikuwa kupata mada, si kujenga nadharia. Hali yako ni nyingine kabisa.

Sura ya kiunzi cha nadharia nitawaachia wengine, ila maoni yangu ni kwamba soma kila unachoweza kukisoma. Mtafiti asiyesoma hutumia mwaka mzima kugundua jambo lililokwisha kuandikwa.

Muuguzi wa Kakamega

Ninakubaliana na Mwalimu katika mengi, isipokuwa hilo la kusoma kila kitu, ambalo nitalirudia. Kwanza ningependa kuongeza kitu kuhusu mahali mbinu hii ilikotoka, kwa sababu sisi wauguzi tunaihesabu kuwa ni yetu pia. Kabla ya kitabu cha 1967, Glaser na Strauss walikuwa wamechapisha mwaka 1965 utafiti kuhusu wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa katika hospitali za eneo la San Francisco, na muuguzi Jeanne Quint alikuwa mmoja wa watafiti wa mradi huo. Walichotoka nacho wodini hakikuwa orodha ya mada kama "hofu", "familia" na "mawasiliano". Walieleza hali nne za ufahamu: mgonjwa asiyejua kwamba anakufa ilhali wengine wanajua, anayeshuku na kujaribu kuthibitisha, hali ambamo mgonjwa na wahudumu wote wanajua lakini kila upande unajifanya haujui, na hali ambamo jambo liko wazi na linazungumzwa. Kisha wakaonyesha jinsi kila hali inavyobadilisha maneno yanayosemwa kando ya kitanda, na ni mambo gani yanayoisukuma hali moja kuwa nyingine. Yeyote aliyefanya kazi ya zamu ya usiku atazitambua zote nne bila kuelezwa.

Ninalitaja hilo kwa sababu jopo likikuuliza nadharia yako itafanana na nini, unaweza kuwaonyesha kitu cha aina hiyo. Si lazima iwe nadharia kubwa ya kueleza jamii nzima. Inatosha iseme ni mwenendo gani unaojirudia ufuoni, katika mazingira gani unabadilika, na wahusika wanafanya nini ili kuubadilisha au kuuzuia.

Sasa kuhusu kusoma. Glaser alishikilia hadi mwisho kwamba mtafiti aahirishe kusoma maandishi ya eneo lake mahususi mpaka kategoria kuu, yaani wazo pana linaloiunganisha misimbo, ijitokeze. Strauss, alipoandika na Juliet Corbin mwaka 1990, aliruhusu kusoma mapema na kuleta hatua za usimbaji zilizopangwa zaidi, na Glaser akajibu mwaka 1992 kwa kitabu kizima cha kulalamika kwamba taratibu hizo zinailazimisha data iseme kile ambacho mtafiti anakitaka. Ugomvi ule ulikuwa mkali, na mpaka leo mtu akiandika tu "nilitumia graundedi thiori" bila kusema ya nani, mtahini ana haki ya kumuuliza.

Mimi sina ugumu wa Glaser, lakini katika mada hii ninaona hatari mbili za kusoma bila kinga. Ya kwanza ni mtaji wa kijamii. Ukienda Dunga ukiwa na dhana hiyo mkononi, kila unga na sukari itakuwa "uwekezaji", na hutasikia tena mwanamke anaposema kwamba alikwenda matangani kwa sababu marehemu alikuwa jirani. Ya pili ni nzito zaidi. Yameandikwa mengi kuhusu jaboya, yaani mtindo wa kubadilishana ngono kwa samaki katika fuo za Ziwa Victoria, hasa tangu watafiti wa VVU walipoanza kuutazama. Ukiwa umezama katika maandishi hayo, kila uhusiano kati ya mwanamke na mvuvi utauona kupitia tundu hilo moja. Ukiyapuuza kabisa, nawe utafika ufuoni bila maandalizi mhojiwa atakapoanza kulia.

Hilo linanileta kwa kamati ya maadili. Usiione kama kikwazo cha mbinu yako. Kazi yake ni kuwalinda wahojiwa, na haihitaji maneno ya kila swali yawe yamegandishwa. Inahitaji kujua ni maeneo gani utakayoyagusa, ni watu wa aina gani utakaowafikia na utafanya nini mambo yakiwa magumu. Eleza hayo, pamoja na mahali utakapomwelekeza mhojiwa anayehitaji ushauri nasaha. Andika pia kwamba uchanganuzi ukikuelekeza kwa kundi ambalo halimo katika kibali, kwa mfano wavuvi vijana walio chini ya miaka 18, utaomba marekebisho kabla ya kumwendea hata mmoja wao. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nacho hutanguliwa na idhini ya kamati hiyo, kwa hiyo panga muda wako ukijua kwamba marekebisho huchukua wiki kadhaa. Na kumbuka kwamba ufuo ni mahali padogo: ukiandika "mwanamke mmoja anayemiliki mashua mbili", watu wote wa pale watajua ni nani, hata usipomtaja jina.

Msomi wa Milimani (Kisumu)

Nitakuwa mpinzani kidogo, na ninaomba radhi mapema. Je, una hakika kwamba unaihitaji graundedi thiori? Ukitaka kuieleza kwa kina hali ya wanawake hawa na kuyapanga wanayoyasema katika mada zenye mantiki, kuna uchanganuzi wa mada kama ulivyoelezwa na Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006, ambao unakuruhusu kukusanya mahojiano yako kwa pamoja, hauhitaji kubadilisha sampuli njiani, na jopo lako litaupitisha bila kelele. Shahada ya uzamili ina muda wake na karo ina mwisho wake. Hakuna aibu kuchagua mbinu inayotosha kwa swali lililopo.

Nasema hivi kwa sababu nimechoshwa na neno "kushiba". Kila tasnifu ninayoifungua inadai kwamba data ilishiba, na mara nyingi maana yake ni kwamba mtafiti aliishiwa na nauli. Kategoria inashiba pale ambapo data mpya haizalishi sifa mpya za kategoria hiyo, na hilo linaonyeshwa kwa ushahidi: ni nani aliyehojiwa mwisho, alitafutwa kwa sababu gani, na aliongeza nini au hakuongeza nini. Ian Dey aliandika mwaka 1999 kwamba afadhali tuzungumze kuhusu utoshelevu wa kinadharia, na mimi ningelichagua neno hilo katika pendekezo, kwa kuwa linaahidi kitu ambacho binadamu anaweza kukitimiza.

Hata hivyo, nikilisoma swali lako upya ninakiri kwamba limeelekea upande wa Mwalimu. Hukuuliza wanawake wanaonaje hali yao. Umeuliza jinsi wanavyofanya jambo fulani kwa muda, kutoka kufungwa kwa uvuvi hadi kufunguliwa. Huo ni mchakato, na michakato ndiyo mbinu hii inaijua. Basi ukiamua kuendelea nayo, endelea nayo kikamilifu.

Nyar Nam (Kisumu)

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimeamua kuendelea nayo, na nitafuata mkondo wa Kathy Charmaz aliyeueleza katika kitabu chake cha 2006, kwa sababu anakubali kwamba mtafiti hashuki kutoka hewani, bali nadharia hujengwa na mtafiti pamoja na wahojiwa wake.

Hapo ndipo swali langu la mwisho linapozuka. Mimi nimekulia kando ya ufuo huo, na mama yangu aliuza omena katika soko la Kibuye kwa miaka mingi. Ninawajua baadhi ya wanawake hao kama mama wadogo na shangazi. Je, hilo litanifaa au litanipofusha? Na Mwalimu, kama si kukuchosha, aya ya sampuli katika pendekezo la namna hii ingesomekaje?

Mwalimu wa Njoro (Nakuru)

Litafanya yote mawili, Nyar Nam, na njia ya kulikabili ni ileile ya memo. Kabla ya mahojiano ya kwanza, kaa chini uandike yote unayoamini kuhusu wanawake hao na wavuvi wao: nani humkumbuka nani, nani hudanganya, mama yako alikuwa akisema nini jioni anaporudi. Andika bila kujisitiri, kwa kuwa waraka huo hautakwenda kwa mtu mwingine. Kisha uuweke miongoni mwa data yako na uusimbe kama unavyosimba mahojiano. Glaser alikuwa na msemo kwamba yote ni data, na katika hili Charmaz asingempinga. Usimbaji wako ukirudia yaleyale uliyoyaandika siku ile, hiyo ni dalili ya kutafuta mhojiwa atakayekukatalia. Jambo moja la vitendo: shangazi zako usiwahoji kwanza. Watakuambia, "Mwanangu, haya si unayajua," na mahojiano yatakuwa yameishia hapo.

Kwa upande wa kusoma, Muuguzi amenisahihisha kwa haki. Andika sura ya mapitio, kwa kuwa jopo halitakuacha upite bila hiyo, lakini uiite mtaji wa kijamii dhana elekezi, kwa maana aliyoitumia Herbert Blumer mwaka 1954: dhana inayodokeza upande wa kutazama bila kuagiza kitakachoonekana. Eleza pia kwamba maandishi hayo yatalinganishwa na kategoria zako baada ya kuundwa, na kwamba dhana yoyote ambayo data haiihitaji itaachwa. Jaboya iwemo katika mapitio kwa uwazi, pamoja na sababu za Muuguzi.

Aya ya sampuli ningeiandika hivi, nawe uirekebishe kwa lugha yako:

"Utafiti utaanza na wanawake sita wanaonunua omena katika ufuo wa Dunga, watakaoteuliwa kimakusudi ili wawemo waliopata mzigo upya baada ya uvuvi kufunguliwa na ambao hawakuupata. Kila mahojiano yatanukuliwa na kusimbwa kabla ya yanayofuata kufanyika, kadiri itakavyowezekana. Kuanzia hapo, wahojiwa watateuliwa kwa kuzingatia maswali yanayoibuliwa na kategoria zinazochipuka, na wanaweza kujumuisha wenye mashua, wavuvi, wanawake walioacha biashara na wajumbe wa kamati ya ufuo. Inakadiriwa kwamba jumla itakuwa kati ya wahojiwa 20 na 35, na baadhi yao watahojiwa zaidi ya mara moja. Uteuzi utasitishwa kategoria kuu zitakapofikia utoshelevu wa kinadharia, na jedwali litakaloonyesha kila mhojiwa aliteuliwa kwa sababu gani litaambatishwa kwenye tasnifu. Kundi lolote lisilotajwa hapa litafikiwa tu baada ya kamati ya maadili kuidhinisha marekebisho."

Makadirio hayo ni ya kuliwezesha jopo kukokotoa bajeti na muda. Ukiulizwa yametoka wapi, sema hivyo bila kuzunguka. Mjumbe akisisitiza nambari moja, mpe 35, kwa kuwa kupunguza hakuhitaji kibali na kuongeza kunakihitaji. Jedwali la sababu za uteuzi lianze kujazwa siku ya mahojiano ya kwanza, maana halijazwi kwa kukumbuka.